Nyumba ya Kurudiwa

...na kwa nini afumbe macho haraka namna hiyo, kabla hata hatujashikana mikono vizuri, "tuombe, tufumbe macho," kama mtu aliyeona mvua inakuja akakimbilia barazani, mimi jicho langu la kushoto limekataa kufumba, limebaki wazi upana wa tundu la sindano, linamtazama mume wangu, linamtazama mwenye nyumba, linarudi kwa mume wangu, na Mungu atanisamehe kwa sababu yeye mwenyewe hafumbi macho, "Baba wa mbinguni, tunaileta nyumba hii mbele zako," tunaileta, naam, tunaileta mara ya nne sasa, nyumba moja kwa mwezi mmoja na nusu, na mtaa huu wa nyuma ya karakana una milango mpaka unachoka kuihesabu, lakini sisi ni hapa tu, hapa, fulana zetu tatu za njano zilizoandikwa Familia kwa Familia kifuani, mimi, yeye na binti yetu wa miaka tisa, kama timu ya mpira iliyobaki na wachezaji watatu ikakazana kucheza uwanja ule ule, na tazama alivyotupanga, eti tushikane mikono tufanye duara, yeye akamshika mtoto mkono wa kushoto na mimi mkono wa kulia, kisha huyu mama mwenye nyumba akawekwa huko mbele yake, katikati ya mtoto na mimi, mbali, mkono wake usiguse wake hata kwa bahati mbaya, sasa mwanamume asiye na lake jambo anaogopa nini kushika mkono wa mtu katika sala, pale kanisani anawashika mikono wajane, wasichana wa kwaya, mke wa mchungaji, hachagui, hapa tu ndipo anapochagua, na mimi nasema anayeogopa kumshika mtu mbele za watu ameshamshika mahali pengine, dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu mimi nimeyaona tangu wiki ya kwanza.

Yalianza na kura, maana kamati ya uinjilisti ilisema mitaa ipigiwe kura ili Roho mwenyewe atupangie, vikaratasi viandikwe majina ya mitaa, vitiwe kwenye mfuko wa sadaka, kila baba wa familia atumbukize mkono mbele ya kanisa zima, na nani amepewa kazi ya kukata vikaratasi kama si huyu wangu, anavikata nyumbani, juu ya meza yangu, kwa mkasi wangu wa kushonea, na Jumapili ya kwanza akatoa mtaa wa nyuma ya karakana, tukasema amina, Jumapili ya pili akatoa mtaa wa nyuma ya karakana, mchungaji akacheka akasema kweli Mungu ana watu wake huko, ya tatu na ya nne kanisa likapiga makofi, wengine wakatokwa na machozi, na mimi nimesimama pale naangalia ule mkono ulivyokuwa unakawia ndani ya mfuko, unapapasa, unapapasa, kama unatafuta funguo mfukoni, nikarudi nyumbani nikaokota yale masalio mezani, vikaratasi vyote vimekatwa kwenye daftari la mtoto, kimoja tu kimekatwa kwenye boksi la sabuni, kigumu, mtu anakijua kwa vidole hata akiwa amefumba macho, ee, mtu ameiba kura ya Roho Mtakatifu, hivi mtu huiba kura ya namna hiyo kwa ajili ya injili? "uwatembelee, Bwana, uwatembelee," na ile fomu yetu je, ina sehemu tatu tu, wamepokea, wamekataa, warudiwe, na kanuni ni kwamba mtu akikurudisha mara tatu unamwachia Mungu unakwenda kwa jirani, yeye mara zote tatu amepiga alama kwenye warudiwe, kwa mwandiko mzuri, wa kutulia, na mara ya pili na ya tatu alikuja bila mimi kwa sababu nilikuwa zamu hospitalini, pale nguoni, nakamua mashuka ya watu, na yeye anayajua masaa yangu kuliko mimi, akaja na mtoto, na mtoto ndiye aliyeniletea lile neno, ananisuka huku ananiambia hivi hivi tu, "Mama, yule mama wa pale alimwambia baba, usiniite dada," nikamwuliza alisema kwa hasira, akasema hapana, alisema polepole, nikamwuliza baba akajibu nini, akasema baba alitazama viatu vyake, basi, mwambieni mtu mwenye akili, mwanamke akikukataza kumwita dada, amechoka kuwa dada, anataka kuwa nani, nilikaa siku tatu na swali hilo kooni, namtengea chakula, namkunjia mashati, namwitikia amina, na kila nikimtazama najiuliza, nani, tangu lini.

Halafu poda, nisiisahau poda, kopo la poda ya watoto ndani ya mkoba wake wa Biblia, chini ya vile vijitabu vya wokovu, na mtoto wetu ana miaka tisa, mkewe hapaki poda, jasho linanitosha, nikairudisha pale pale nilipoikuta, nikasema kikulacho ki nguoni mwako, ngoja, na leo nimebadilishana zamu na mwenzangu nikamwambia "nakuja nanyi," akasema "njoo, mama, ni baraka," lakini uso haukusema baraka, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukanyaga ndani, siku ile ya kwanza tuliishia mlangoni, mwanamke akapokea kijitabu, akamtazama mume wangu kwa muda mrefu, mrefu kuliko mtu anavyomtazama mgeni, akafunga, na leo nimepita uani nikakuta kamba ya nguo, na mimi kamba ya nguo naisoma kama wengine wanavyosoma gazeti, magauni mawili ya kazi yaliyopauka, sidiria hakuna ya maana, na mashuka matano, matano, bado mabichi, nikasema moyoni, mwanamke mmoja mwenye mashuka matano kwa siku moja huyo halali, nikapitisha kichwa chini ya kamba, nikaingia, nikakaa, na kopo la poda hilo hapo, juu ya meza ndogo karibu na pazia la chumba, lile lile, kifuniko cha bluu, limeshatumika nusu, "na kila kiungo cha nyumba hii, Baba," hata aibu hana, anaombea viungo, ningeweza kusimama sasa hivi, ningeweza kuchukua lile kopo nikaliweka katikati ya duara nikasema haya, tuombee na hili.

Ila kuna jambo moja linalonikera, jambo ambalo halikai sawa na mengine, nalo ni lori, ushuhuda wa lori, kwa maana mume wangu haingii nyumba ya mtu akatoka bila kusimulia lori, amelisimulia kwenye misiba, kwenye harusi, kwa muuza mkaa, kwa fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki letu mpaka yule fundi akaokoka au akajifanya ameokoka apate kwenda, miaka kumi na mmoja iliyopita, alikuwa dereva wa lori la mchanga, mlevi, akateremka mteremko wa darajani na breki zimekataa, nilikuwa peke yangu, anasema, mimi na chupa yangu, lori likabiringika, na kanisa zima linahesabu naye, moja! mbili! tatu! nikatoka bila mkwaruzo, wapendwa, bila hata mkwaruzo, kwa sababu Mungu alikuwa na kazi na mimi, na watu wanapiga kelele, nami nilikuwa mmoja wa hao watu, usiku mmoja wa mkutano wa injili nilisimama kwenye kiti cha plastiki nikatembea mpaka mbele nalia, kwa sababu nilisema kama Mungu anaweza kumtoa mlevi ndani ya chuma kilichopinda akiwa peke yake, hakuna wa kumsaidia, basi anaweza kunitoa na mimi, na nikatoka, Mungu ni shahidi, na mwaka uliofuata nikaolewa na huo ushuhuda, kwa hiyo naujua, naujua kama jedwali la kuzidisha, na leo hapa, mtoto amekaa kwenye kiti miguu inaning'inia, akasema, "Baba, wasimulie ile ya lori," na baba yake akasema "leo hapana," leo hapana! nilimgeukia nikadhani amepatwa na homa, na mwenye nyumba akaweka kikombe chake chini polepole akasema, "Hapana, mtumishi, simulia. Tumeingoja," nikaona hapo, wanataniana mbele yangu, wanasemeshana kwa mafumbo, na mtoto wangu kwa kiherehere chake akaanza mwenyewe, "Baba alikuwa peke yake ndani ya lori," na yule mama akasema, "Peke yake?" neno moja tu, wala hakupandisha sauti, na huyu wangu akaruka, "tuombe, tufumbe macho," na ndiyo hii sala, na ndiyo hapa tulipo, imekuwa ndefu sasa, ameshaombea paa, ameshaombea kisima, sijaona mtu anakimbia huku amekaa.

Peke yake, mbona aliuliza peke yake, hawara anauliza kuhusu lori? hawara anauliza kuhusu mke, kuhusu lini utaniambia, kuhusu zile ahadi, lori linamhusu nini, na huu mkono wake ulio ndani ya wangu, nimeushika muda wote huu bila kuutazama kwa sababu nilikuwa nautafuta uzinzi machoni mwake, si viganjani, sasa nausikia, mkavu, umepasuka kwenye vifundo, kucha zimeliwa na sabuni, huu ni mkono wangu, Mungu wangu, huu ni mkono wa pale nguoni, mkono wa mtu anayefua mashuka kila siku, si kila wiki, kila siku, mashuka matano, na kando ya yale mashuka kulikuwa na kitu kingine kinaning'inia, nilikiona, jicho lilikiona na moyo ukakataa kukisoma, ule mpira, mpira wa kutandika chini ya shuka, hospitalini tunao wa kijani, wao wana mwekundu, na poda, nani anapakwa poda zaidi ya mtoto, mimi ndiye wa kuuliza? mimi ninayekung'uta poda kwenye mashuka ya wodi ya wanaume kila asubuhi, poda ya migongo, ya watu wasiojigeuza wenyewe, na harufu hii niliyoisikia tangu nilipoingia nikajiambia ni manukato ya mwanamke, si manukato, ni ile, dawa ya vidonda na mkojo uliofuliwa ukabaki kidogo, inatoka nyuma ya lile pazia, na pazia limetikisika, na upepo hakuna, kuna mtu, kuna mtu humo ndani muda wote huu, anakohoa, anajaribu kukohoa taratibu kama mtu asiyetaka kuharibu sala, na mume wangu amesikia, kidole chake kimeruka ndani ya kiganja changu, sauti imepanda, "na wagonjwa wote, Bwana, popote walipo," popote walipo! hatua tano kutoka hapo ulipo, mume wangu, hatua tano.

"Kasi." Sauti ya mwanamume, nyuma ya pazia, nyembamba, haina haraka. "Kasi, fupisha. Mgongo unaniuma." Na mwenye nyumba, mkono wake haujatikisika ndani ya wangu, anajibu bila kufumbua macho, "Mwache, mume wangu. Akichoka atasema mwenyewe." Kasi, amemwita Kasi, hakuna mtu kanisani anayelijua hilo jina, mchungaji halijui, mama mkwe alikufa hataki kulitamka, mimi nililijua usiku mmoja tu, kabla ya harusi, aliponiambia hilo ndilo jina walilomwita wenzake wa kwenye lori kwa sababu ya mwendo wake, akaniapisha nisimwite hivyo hata kwa utani, nikadhani ni toba, nikampenda zaidi, wenzake wa kwenye lori, alisema wenzake, na mimi sikusikia, miaka kumi ya ndoa na sikuwahi kuuliza, kama ulikuwa na wenzako kwenye lori mbona siku ile ulikuwa peke yako, nani anabeba mchanga peke yake, nani anapakia, nani anashusha, kila mtu anajua lori la mchanga lina wapakiaji, fundi bomba alijua, muuza mkaa alijua, na sote tulihesabu moja mbili tatu kama watoto, na mtu huyu wa nyuma ya pazia alikuwa ndani, au juu ya mchanga, na lilipobiringika mara hizo tatu tulizokuwa tunazishangilia, mara ya kwanza, ya pili, ni ipi iliyomvunja mgongo, tulipiga makofi wapi, Bwana, ni mara ya ngapi tuliyopigia makofi zaidi.

Na mtoto amefumbua macho, ananitazama kutoka upande wa pili wa duara, macho yake wazi na yangu wazi, tumekamatana, mdomo wake unasema bila sauti, "Kasi ni nani?" na mimi natikisa kichwa, nyamaza, mama, fumba, na yeye hafumbi, ni damu yangu hiyo, na kiganja cha baba yake kimelowa kinateleza ndani ya changu kama samaki, na ajabu, ajabu ya kunichekesha, afadhali ingekuwa mwanamke, nasema kweli, mwanamke ningemweza, ningelia, ningewaita wazee wa kanisa, ningemrudisha kwao au ningerudi kwetu, mambo hayo yana njia yake, lakini hili nalipeleka wapi, Jumamosi tunapanda basi la misheni, wiki tatu, miji mitatu, picha yake imeshabandikwa kwenye nguzo huko tuendako, Peke Yake na Mungu, maandishi mekundu, watatoka watu kwenye viti vya plastiki wanalia kama nilivyolia mimi, na mimi nitakaa mstari wa mbele na fulana ya njano nihesabu? na wokovu wangu je, nimeokoka kwa uongo? nilitembea mpaka mbele kwa miguu yangu, nililia machozi ya kweli, je, Mungu aliyapokea akijua kwamba mtu mwingine anageuzwa kitandani na mkewe saa hiyo hiyo, upande huu, upande ule, poda, shuka, poda, shuka, akayapokea tu akanyamaza, sijui, sijui kabisa, na hata sasa huyu mume wangu simwamini, nataka kumhurumia na siwezi, kwa sababu ndiyo, aliiba kura ili aje hapa, mara nne, hakuna aliyemlazimisha, poda alileta kwa kujificha kama mwizi, hilo ni jambo, kuna mtu ndani yake anayetaka kusema, lakini mbona alikuja na mtoto, mbona kila mara alikuja na mtoto, nani huja kuungama ameshika mkono wa mtoto wa miaka tisa, huyo anajua kabisa kwamba mbele ya mtoto hatasema, na wao kwa ustaarabu wao hawatasema, amemleta binti yangu kuwa mlango wa kufungia, na leo akanikubali na mimi, njoo, mama, ni baraka, milango miwili, na akitoka hapo ataandika warudiwe, kwa mwandiko mzuri, na atalala usingizi kwa sababu amekuja, amewatembelea wagonjwa, kwa hiyo hivi ndivyo alivyolala miaka yote.

"Usiniite dada," ndiyo maana, usiniite dada kabla hujasema, na yeye akatazama viatu, na mwanamke huyu ametufungulia mlango tena, ametupa chai, amekaa kwenye duara na kumpa mke wa Kasi mkono wake, na hajautoa, hakuubana, hakunibinya, umekaa tu, unangoja, amengoja miaka kumi na mmoja na dakika hizi kumi hazimpunguzii kitu, na najua kinachokuja, namjua, sauti inaanza kushuka, anatafuta mahali pa kutua, atasema kwa jina la Yesu, sote tutasema amina, atakuwa ameshasimama na mkoba begani kabla neno halijaisha, "basi, wapendwa, tutarudi," na mlango uko upande wake, amejiwekea mlango upande wake, na nikisema mimi, nikisema sasa hivi nilichokijua, litakuwa neno langu, atasema ndiyo, kweli, ndivyo ilivyokuwa, atalia, watamsamehe kwa neno la mtu mwingine na hatakuwa amelisema hata siku moja, hapana, si mimi, sitamfanyia hilo pia, nimemfulia, nimempigia pasi, hilo alifue mwenyewe. Sasa nimefumba macho, yote mawili, mara ya kwanza tangu tuanze, nasikia pazia, nasikia pumzi ya yule mwanamume, nasikia mtoto anavuta kamasi, na mume wangu ameshindwa kutua, amepaa tena, ameanza majirani, nyumba ya kulia, nyumba ya kushoto, nyumba ya mbele, na mimi hapa pembeni yake namwomba Mungu yule yule, kwa nguvu zangu zote, Bwana, usimsikie, usimpe upako, mnyime maneno, moja moja, yaishe yote, mpaka abaki na lile moja, na mkono wake nimeukaza, hatoki, anaombea barabara sasa.